Elimu ya Nafsi, Kutoka Kibirizi Hadi Mwamgongo

Wanangu mnaosomea ushauri nasaha, juzi mlipokuja kunisalimia nyumbani Ujiji, mmoja wenu aliniuliza, "Bibi, hivi enzi zenu saikolojia ilikuwepo?" Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Mwenzake akamkanyaga mguu chini ya meza, akidhani amenikosea adabu. Hakunikosea. Swali lake ni zuri, na sikulijibu vizuri siku ile kwa sababu mlikuwa mnawahi gari. Leo nina muda.

Mimi ni Hidaya. Nilikuwa nesi wa afya ya akili katika hospitali moja ya mjini Kigoma hadi nilipostaafu. Chumba chetu kilikuwa stoo ya magodoro kabla hatujapewa sisi, na harufu ya sufi haikutoka humo hata tulipopaka chokaa mara mbili. Wagonjwa walipenda kuingia kwa mlango wa nyuma, maana kuonekana mlango wa mbele ilikuwa sawa na kupigiwa mbiu kwamba wewe kichaa. Basi tukahamishia benchi kule nyuma, mlango wa mbele tukauwekea kabati. Hilo ndilo fundisho langu la kwanza kwenu, na halimo vitabuni mwenu: mlango ambao watu wanautumia ndio mlango wa kweli.

La pili: usimuulize mtu "Una tatizo gani?" akiwa hata hajakaa. Muulize amelalaje, amekula nini, nyumbani kawaacha akina nani. Mtu wa huku kwetu hakupi shida yake kabla hujamaliza salamu, na salamu za Waha hazina haraka. Mimi Kiha changu ni cha kuokoteza sokoni, lakini nilipomwambia mgonjwa "Mwakeye" asubuhi, hata nikikosea lafudhi, mabega yake yalishuka.

Sasa, saikolojia. Aliyenifundisha ni Daktari Lwitiko. Sisi tulimwita daktari, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akisahihisha kila mara kwamba hakusomea dawa, alisomea nafsi. Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, anayevaa sweta katika joto la Kigoma. Alihamishiwa kwetu akiwa mtu mzima tayari, na mke wake alimfuata baadaye na migomba ya kupanda uani. Mungu amrehemu.

Daktari Lwitiko alikuwa na rula ya plastiki. Wiki ya kwanza ananiita, ananiambia, "Hidaya, panua kidole gumba na cha shahada." Akaining'iniza rula kati ya vidole vyangu. "Nikiiachia, idake." Akaiachia, nikadaka karibu na mwisho. Akarudia. Nikadaka juu kidogo. Akaendelea hivyo kila siku, asubuhi na jioni, na mimi nikidhani mzee wa watu ana upweke. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, alasiri moja rula ikanipita kabisa ikaanguka sakafuni. Akafurahi kama mtoto.

"Umeona? Njaa imekaa kati ya jicho lako na kidole chako. Haionekani, lakini nimeipima kwa rula."

Kisha akanieleza historia, na nitawaeleza nyinyi kama alivyonieleza.

"Zamani," alisema, "habari za nafsi zilikuwa za mapadri, masheikh na wanafalsafa. Kila mmoja na lake, na hakuna namna ya kujua nani kakosea. Halafu Mjerumani mmoja akafungua chumba, akaweka humo saa na vyuma vya kugonga. Akawaambia watu, ukisikia mlio, bonyeza. Akapima muda unaopita katikati. Hapo ndipo elimu ya nafsi ilipoacha kuwa mabishano ya barazani. Si kwamba yule Mjerumani alikuwa na hekima kuliko waliomtangulia. Alikubali tu kwamba mwingine aje arudie jambo lilelile, aone kama atapata jibu lilelile. Sayansi ni hiyo, Hidaya. Kukubali kurudiwa."

Baada ya hapo, aliniambia, wakatokea waliowataka watu wachungulie ndani yao wenyewe na kusema wanaona nini. Shida ikawa kila mmoja anaona chake. Akatokea daktari wa Vienna aliyewalaza wagonjwa kwenye kochi na kusikiliza maneno yao, ndoto zao, utoto wao. Akatokea Mrusi na mbwa wake, aliyegundua kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio kabla ya chakula hutokwa na mate akisikia mlio mtupu. Na Wamarekani nao wakasema: haya mambo ya ndani tuachane nayo, hatuyaoni, tutazame mtu anafanya nini. Kama hofu imefundishwa, basi inaweza kufundishwa kuondoka.

Daktari Lwitiko alikuwa wa hao wa mwisho. "Kinachoonekana ndicho kinachopimika," alipenda kusema. Kuhusu yule wa Vienna alikuwa na dharau kidogo, ya kistaarabu. "Alisikiliza sana," alisema, "akapima kidogo."

Lakini hata vipimo vilitutoa jasho. Tulikuwa na kasha la kadi za picha zilizotoka ng'ambo. Unamwonyesha mtu picha yenye kitu kimoja kilichosahauliwa, yeye anakitaja, unampa alama. Siku moja tukampima mzee wa Kidahwe aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi, wanawe wanahofu kwamba akili imetikisika. Nikamwonyesha picha ya watu wanne mezani, chakula kimepakuliwa. Jibu la kwenye karatasi lilikuwa kijiko. Mmoja wao hakuwa na kijiko. Mzee akaitazama, akaigeuza, akanirudishia.

"Hakuna maji ya kunawa," akasema.

Kwa karatasi, amekosa. Nikamtazama Daktari Lwitiko, naye akawa anaitazama ile kadi kama anaiona kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa sahihi kabisa. Watu wale wangekulaje? Tukampa alama yake, na tangu siku hiyo tukaanza kutengeneza picha zetu: mtungi hauna kata, jembe halina mpini, kuku ana mguu mmoja. Nilichora mimi. Michoro yangu ilikuwa mibaya kiasi kwamba mgonjwa mmoja alisema kuku wangu amekosa kila kitu.

Haya yote nawaambia ili mfike kwa Yusta mkiwa mmekaa vizuri. Maana mkiniuliza saikolojia ilikuwaje enzi zangu, jibu langu ni Yusta.

Yusta alikuwa mwanamke wa Mwamgongo, kijiji cha ziwani kaskazini ya Gombe. Mnajua kwamba kule hufiki kwa gari. Ni boti kutoka Kibirizi, ufukwe wa maboti kando ya mji wa Kigoma. Alikuwa na mume, Filberti, mvuvi wa dagaa, na watoto wawili wadogo. Siku moja alipanda boti kuja mjini pamoja na mdogo wake, Agripina, ambaye alikuwa ameposwa. Walikuja kununua vitenge vya harusi. Njiani upepo ukageuka ghafla, boti ikapinduka. Walioweza kuokolewa waliokolewa. Agripina hakuwa miongoni mwao.

Yusta aliletwa hospitalini kwetu, mfupa wa paja umevunjika. Akalazwa muda mrefu, mguu umefungwa na kuvutwa kwa uzito. Agripina alizikwa Mwamgongo, dada yake akiwa kitandani Kigoma. Mfupa ulipounga, wodi ikamruhusu. Filberti akaja kumchukua. Walipofika Kibirizi, Yusta akaiona boti, akakaa chini mchangani katikati ya dagaa walioanikwa, na hakuna aliyeweza kumnyanyua. Alikuwa anahema kama aliyekimbizwa. Filberti akampeleka mjini, mtaa wa Mwanga, kwa shangazi yake Yusta, kesho yake akamleta kwetu kwa mlango wa nyuma.

"Nesi," aliniambia yule kijana, kofia mkononi, "watoto wanauliza. Yule mdogo ameanza kumwita bibi yake mama."

Hilo ndilo lililokuwa mizani, wanangu. Watoto upande mmoja wa maji, mama yao upande wa pili.

Daktari Lwitiko alilipokea jambo hilo kwa hamu, kwa sababu lilikuwa la aina yake hasa. "Huyu amefundishwa na ziwa kwa siku moja," aliniambia. "Sisi tutamfundisha upya taratibu." Akanionyesha jinsi ya kujenga ngazi. Unamwomba mgonjwa akupangie mambo yanayomtisha, kutoka dogo hadi kubwa. Unaanza na dogo. Unakaa nalo hapo mpaka hofu ichoke yenyewe, maana hofu nayo huchoka, kisha unapanda juu kidogo. Humlazimishi wala humdanganyi. Ukisema leo tutafika majini tu, unaishia majini hata kama anaonekana yuko tayari kwa zaidi.

Kitabu kilitaka mgonjwa aseme hofu yake ni ngapi kati ya sifuri na mia. Nilimuuliza Yusta. Akanitazama kwa huruma. "Hofu inahesabiwa, dada?" Basi nikachukua bakuli na chikichi za shangazi yake zilizokuwa zikingoja kukamuliwa mawese. Nikamwambia, "Bakuli likijaa, hofu imejaa. Niwekee ya leo." Akajaza. Ukitaka kumpima mtu, mpe kipimo kinachokaa mkononi mwake.

Tukaanza. Kwanza tulikaa mahali ambapo ziwa linaonekana kwa mbali, chini, kama kipande cha bati. Halafu Kibirizi, karibu na wanawake wa dagaa, ambao walimzoea mpaka wakawa wanamwachia ufagio awasaidie kugeuza. Halafu miguu majini. Bakuli likawa linashuka: limejaa, likawa robo tatu, likawa nusu. Tukafika kwenye boti iliyovutwa nchi kavu, akaketi ndani yake akachambua maharage. Watu walicheka, akacheka nao.

Siku ya kuketi kwenye boti inayoelea, iliyofungwa kamba, Yusta alikwama. Akasimama maji yakiwa magotini, ameshika ukingo wa boti. Daktari Lwitiko, ambaye siku hiyo alikuja kutazama maendeleo, akaona atoe mfano. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia botini na sweta lake. Boti ikayumba kidogo tu, kama boti zinavyoyumba. Nikamwona amekaa chini sakafuni, si kwenye ubao, ameshika pande zote mbili, macho ameyafumba.

"Daktari," nikamwita.

"Nipo," akajibu, hajafumbua.

"Umewahi kupanda boti?"

"Hidaya, mimi ni mtu wa milimani."

Miaka yote ile Kigoma, hakuwahi kukanyaga ndani ya chombo! Yusta alimtazama, midomo ikaanza kumcheza. Akasema, "Pole, Daktari. Usitazame maji. Tazama kule kwenye michikichi." Alipoona mzee bado amefumba macho, akapanda botini, mguu wake mbovu ukifuata nyuma, akaketi karibu naye. "Vuta pumzi," akamwambia, "toa polepole." Yalikuwa maneno yetu wenyewe. Wakakaa pale wote wawili mpaka mzee akaweza kufumbua jicho moja. Nilipompa Yusta bakuli, akaweka chikichi tatu, halafu akaniuliza, "Na Daktari nimwekee ngapi?"

Siku hiyo tulirudi mjini tukidhani tumeshinda.

Kilichobaki kilikuwa injini. Filberti alikuja na boti ya kaka yake, mahususi kwa mkewe, haina abiria wengine. Ziwa lilikuwa limetulia. Yusta akapanda, akaketi, bakuli lake karibu tupu. Filberti akavuta kamba ya injini, ikawaka, akageuza boti kuelekea kaskazini. Yusta akapiga ukelele ambao sitausahau. Walinzi wa ghala walitoka kutazama. Tukamshusha. Tukajaribu wiki iliyofuata, ikawa hivyohivyo. Tukajaribu kumzungusha kuelekea kusini, upande wa Ujiji, na injini ikiwa inanguruma. Akakaa kimya, tukazunguka tukarudi. Kaskazini, hapana.

Daktari Lwitiko alimshusha Yusta kwenye ile ngazi ya hofu, akampandisha upya, akaongeza vidaraja vya katikati. Hakuna kilichosogea. Akaanza kukonda. "Kuna kitu hatukipimi," alisema.

Ndipo Filberti akaja na wazo. Kuna njia ya mlimani: unapanda pikipiki hadi Kalinzi, huko kwenye mashamba ya kahawa, kisha unateremka kwa miguu hadi ziwani. Mguu wa Yusta usingeuweza mteremko ule, lakini Filberti alishaongea na vijana wenzake. "Tutambeba kwa machela," aliniambia, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Tutapokezana. Hatagusa maji hata tone." Tukaenda wote Mwanga kwa shangazi kumpa Yusta habari njema.

Yusta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapana."

"Kwa nini?" Filberti akamuuliza. "Yusta, si maji. Ni mlima."

"Nimesema hapana."

Filberti akatoka nje akasimama ukutani, amegeuzia watu mgongo. Mimi nikabaki na Yusta ndani. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ambacho sikukinywa, na jambo moja likawa linanizunguka kichwani: mtu anayeogopa maji angefurahia mlima.

Nilimweleza Daktari Lwitiko kesho yake. Alikuwa anachonga penseli. Akaacha. Akasema, "Basi hofu si ya ziwa. Ziwa ni njia tu."

"Tufanyeje?"

"Mimi nimetazama anachofanya mpaka macho yameuma. Wewe nenda ukamsikilize." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu, "Kama alivyofanya yule wa Vienna. Ila usimlaze kwenye kochi."

Sikumlaza popote. Nilimkuta uani kwa shangazi, anatenganisha chikichi na vishada vyake. Nikaketi nikamsaidia. Sikumuuliza neno. Kukaa kimya na mtu huku mikono ina kazi, wanangu, ni ujuzi, na nyinyi mnaoshika simu kila dakika mtaupata kwa shida. Tulimaliza kishada kizima. Ndipo nikamwambia, "Yusta, ukifika Mwamgongo, boti imegusa mchanga, wa kwanza kumwona ni nani?"

Mikono ikasimama.

"Mama," akasema.

Nikavuta kishada kingine.

"Mama hakutaka Agripina aje siku ile. Alisema tusubiri Jumamosi, baba mdogo atakuja na sisi. Mimi nikasema, mama, mtu anaolewa, vitenge vitaisha madukani. Nikamwambia, usiwe na wasiwasi, mimi nitakuwa naye. Dada Hidaya, hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Mimi nitakuwa naye. Sasa nirudi peke yangu? Nishuke botini niseme nini?"

"Tangu afariki umeongea na mama?"

"Filberti alinipa simu mara moja. Kule mpaka upande kilimani ndiyo upate mtandao, mama alipanda. Nilisikia akihema. Nikakata."

Hakulia. Ndilo lililonitisha zaidi. Tangu aletwe, hakuna aliyemwona akilia, na wodini walimsifu kwamba ni jasiri.

Nikamuuliza kama ananiruhusu kumweleza mtu yeyote. Wanangu, hapo msipapite haraka. Maneno ya mgonjwa ni mali yake. Ukiyabeba bila ruhusa umeiba, hata kama umeyapeleka mahali pazuri. Akaokota chikichi iliyodondoka, akaifuta. Kisha akasema, "Daktari mwambie kwa ufupi tu. Mwambie Filberti. Na Filberti akitaka kumwambia mama, amwambie. Mimi siwezi."

Filberti alipoambiwa, akakaa chini palepale barabarani, akasema, "Na mimi nilikuwa nanunua kamba za machela." Aliondoka na boti ya kwanza.

Daktari Lwitiko nilimweleza kiasi kile Yusta alichoruhusu. Nilidhani atasikitika kwamba ngazi yake ilikuwa ya nyumba nyingine. Akasema, "Hapana, ngazi ilifanya kazi yake. Ilimfikisha mahali ambapo hofu ya maji imeisha, ndiyo maana ile nyingine ikaonekana." Halafu akaniambia jambo ambalo nimelibeba katika kazi yangu yote. Kila kizazi cha elimu hii, alisema, kilidhani kimempata mtu kamili, kumbe kimeshika kiungo: wa saa walishika kiungo, wa kochi kiungo, wa mbwa kiungo. Waliokuja baadaye wakatazama fikra, jinsi mtu anavyojisemesha moyoni, wakashika kingine. "Usimtupe hata mmoja wao," alisema. "Ila usimruhusu yeyote akae peke yake na mgonjwa."

Mama yake Yusta alikuja siku ya tatu. Nilikuwa Kibirizi na Yusta. Tulikwenda pale kama kawaida yetu, na alijua nani anatarajiwa. Boti ikaegeshwa. Akashuka mwanamke mfupi, mnene, kitenge cheusi, anashikiliwa na Filberti. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," lakini macho hayakuwa kwangu.

Yusta alisimama na gongo lake. Hakusogea. Mama naye akasimama hatua chache mbele yake.

"Ulinikatia simu," mama akasema.

"Ego, mama," Yusta akakubali kwa Kiha.

"Nilipanda kilima kile na magoti haya."

Yusta akainamisha kichwa. "Nilikwambia nitakuwa naye, mama."

"Ulisema." Mama akakaza kitenge chake kiunoni. "Nami nilikasirika. Sitakudanganya, nilikasirika siku nyingi. Nilikuwa nasema, Yusta ndiye aliyemharakisha. Nasema hivyo mpaka nalala. Halafu siku moja nikaamka hasira haipo. Nikaitafuta. Nikabaki na nyumba haina Agripina, wala haina wewe. Nimezika mmoja. Wewe sijakuzika. Mbona unanifanya nikulilie na uko hai?"

Akazipita zile hatua chache akamshika mwanawe usoni kwa mikono yote miwili. "Mwana wanje," alikuwa anamwita kwa Kiha, yaani mwanangu, "mwana wanje." Hapo Yusta akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, mbele ya wanawake wa dagaa na wachukuzi, na wale wanawake wakaacha fagio zao wakaja kuwazunguka, kwa sababu huku kwetu mtu halii peke yake.

Waliondoka kesho yake asubuhi, na mimi nikatumwa kumsindikiza mgonjwa. Yusta aliketi kati ya mama yake na mimi. Filberti alipovuta kamba, nilimwona Yusta amefumba macho, midomo inahesabu pumzi. Boti ikaelekea kaskazini. Alitetemeka, sitawadanganya, alitetemeka hadi tukapita misitu ya Gombe, ambako nyani walikuwa mchangani wanatutazama kama wazee wa baraza. Lakini hakupiga ukelele. Mahali fulani Filberti alipunguza injini bila kuambiwa, na wote wanne tukajua ni hapo ile boti ilipopindukia. Mama akachota maji kwa kiganja, akayarudisha taratibu ziwani. Yusta naye akachota. Kisha tukaendelea.

Mwamgongo walikuwa wametungoja ufukweni. Watoto wa Yusta walisimama nyuma ya nguo za watu. Yule mdogo alimtazama mama yake kwa mashaka, mpaka alipoitwa kwa jina la utani la nyumbani, ndipo akaja mbio. Nikadhani kazi yangu imeisha, nikaanza kuulizia boti ya kurudi.

Lakini tulipofika nyumbani kwa mama yake, niliona mikeka imetandikwa uani, kama siku ya msiba. Wanawake wamekaa, vilemba vimefungwa, moto umewashwa chini ya masufuria makubwa. Nilishtuka, nikamuuliza mama, nani tena?

"Ni Agripina," akasema. "Huyu hakuwepo tulipomlilia. Sasa atamlilia na sisi."

Yusta aliketishwa katikati. Mmoja akaanza kusimulia jinsi Agripina alivyokuwa akicheka, mwingine jinsi alivyochoma ugali siku ya wageni, na Yusta akaongezea lake, analia na kucheka pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mkoba wangu wa kazi, sijui nifanye nini, maana hakuna kitabu kati ya vile vya Daktari Lwitiko kilichokuwa na ukurasa wa hayo. Mama akaniona. Akanisogezea nafasi kwenye mkeka, akanipa kisu na beseni. Nikaweka mkoba chini, nikaketi, nikamenya mihogo.